Kijana Ambaye Hakuwahi Kupigwa Picha

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Mzee Gervas, mpiga picha aliyenifundisha, alinikalisha kwenye kigoda cha wateja tangu asubuhi hadi saa saba, uso nimeuelekeza kwenye taa, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba sipo. Shingo ilikakamaa. Macho yalitoa maji. Mikono yangu, niliyoishi nayo miaka ishirini bila tatizo, ikageuka mizigo miwili nisiyojua pa kuiweka. Saa saba akaja, akazima taa, akasema, "Sasa unajua mteja anavyojisikia. Kesho njoo tuanze kazi."

Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa kuchuchumaa mbele ya watoto. Studio nimemwachia Editha, mwanafunzi wangu, na yeye ndiye aliyeniomba niandike mambo ambayo hatayakuta kwenye simu. Habari za kupanda cheo hazimo. Katika studio ya chumba kimoja hapa Sumbawanga nilikuwa mkurugenzi, mfagizi na mpiga pasi wa pazia, yote kwa siku moja. Nitaandika kazi yenyewe.

Nianze na mikono. Mtu asiyezoea kamera mpe kitu anachokijua. Mama mpe kitenge chake akikunje. Mzee mwambie aishike kofia yake magotini. Hapo mikono imepata kazi, na kivuli cha kofia kimeondoka machoni bila ugomvi. Usimwambie mtu atabasamu. Sisi Wafipa wa makamo, ukituambia tutabasamu tunakuonyesha meno kama tuliokwenda kung'olewa. Muulize ndege wamekula ulezi wake kiasi gani. Akianza kulalamika, uso unaamka. Msikilize mpaka atoe pumzi, kisha bonyeza. Picha nzuri nyingi nilizopiga ni za watu waliokuwa wakiwalalamikia ndege.

Jua letu la huku juu ni kali na upepo ni wa baridi, kwa hiyo mteja ukimtoa nje anajikunyata mwili na kukunja uso kwa wakati mmoja. Msimamishe mlangoni, chini ya kivuli cha bati, autazame mwanga bila kuingia ndani yake. Na usiiachie kamera iamue peke yake rangi ya mtu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya pazia jeupe, inamgeuza mkaa. Ukimweka mbele ya pazia jeusi, inamgeuza jivu. Soma mwanga shavuni, si ukutani. Familia ikija, wakalishe wazee kwanza, na watoto waingie mwisho. Watoto wana dakika tatu tu. Baada ya hapo unapiga picha ya vita.

Nyakati zile tulikuwa tukisafisha picha wenyewe, kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu. Karatasi nyeupe unaizamisha kwenye dawa, unatikisa sinia polepole. Nywele hutangulia kuonekana, kisha mboni za macho. Kwa muda mfupi kuna macho mawili ndani ya maji, yanakutazama, na mtu mwenyewe bado hajafika. Kama picha ilikuwa ya marehemu, Mzee Gervas aligeukia ukutani mpaka uso ukamilike. Nilimwuliza sababu mara moja tu. Alisema, "Simtazami mtu aliye nusu." Baadaye ikaja rangi, filamu zikawa zinapelekwa Mbeya, kisha ikaja kompyuta na printa. Mzee Gervas alinipa funguo, akaenda kupumzika kwake Izia, na baada ya miaka miwili nikaikuza picha yake ya msiba.

Picha za msiba ni sehemu kubwa ya kazi hii, na hakuna anayeifundisha. Familia inakuja na kijipicha kidogo, mara nyingi cha harusi ya mtu mwingine, na marehemu yuko nyuma kabisa, nusu ya uso wake imefunikwa na kofia ya shangazi. Kazi yako ni kumtoa pale, kumkuza na kumpa pazia. Marehemu akiwa mwanaume, watataka avalishwe suti. Nimewavalisha suti wanaume wengi baada ya kufa kuliko fundi cherehani yeyote wa mjini hapa. Vaa moyo wa subira, fanya, lakini usifute makovu. Waombolezaji huyatafuta makovu kwanza.

Kwa njia hiyo nilimfahamu Kasian wa Kasense, miaka sita iliyopita, wakati wa mvua. Mkewe, Leokadia, aliingia studio na shemeji yake, wote wawili wameloa. Kasian alikuwa amekwenda kuvua samaki Ziwa Rukwa, na sasa maiti yake ilikuwa imeokotwa kando ya maji. Ilikuwa imekaa majini siku kadhaa na uso haukutazamika. Walimtambua kwa koti la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko.

"Kiraka nilishona mwenyewe," Leokadia aliniambia. "Na kitambulisho chake cha kupigia kura kilikuwa mfukoni, ndani ya nailoni."

Picha waliyoleta ilikuwa ya Komunio ya Kwanza ya binti yao. Kasian alisimama nyuma, na mkono wa mtu ulikuwa begani kwake. Nilikaa na sura ile kwa saa nne. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa na kovu. Ncha ya sikio la kushoto ilikunjika kwa ndani kama jani. Nilivifuta vidole vya yule mtu begani kwake, kimoja baada ya kingine, nikaweka suti mahali pake, na nilipofuta cha mwisho nilihisi kama nimemwachia mtu aanguke. Wakaichukua. Wakazika. Sikuwa nimewahi kukutana na Kasian, lakini uso wake nikaufahamu kuliko wa majirani zangu.

Miezi mitatu ikapita, kipupwe kikaingia. Siku moja, saa nne asubuhi, jua limewaka, mwanaume mmoja aliingia akiwa na begi na viatu vipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Picha gani?"

"Pasipoti saizi, nne. Kitambulisho kimepotea, nataka nianze kufuatilia kingine."

Nilimwonyesha kigoda, nikavuta pazia la buluu, nikainama kwenye kamera. Mtu anapotazamwa ndani ya kamera huwa mdogo, amekatwa kwenye mabega, nyuma yake buluu tupu. Nyusi ya kushoto ilikuwa na kovu. Ncha ya sikio ilikuwa imekunjika. Wengine hufanana, najua, nimeona mapacha wa kila aina. Huyu hakufanana na picha yangu. Ilikuwa ni picha yangu yenyewe, ikipepesa macho.

"Mama, kuna shida?"

"Shusha kidevu kidogo," nilisema, nikabonyeza. Mpaka leo sielewi kwa nini nilibonyeza. Mkono uliozoea kazi hausubiri akili.

Kisha nikafunga mlango wa studio na kumwuliza jina.

"Kasian."

"Wa Kasense?"

Akacheka. "Kumbe mama unanifahamu! Nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Nilikuwa Chunya kwenye dhahabu. Simu ilizama ziwani na namba za watu zote zikaenda nayo. Nilisema nijisafishe kidogo ndipo niende nyumbani."

Nilisimama pale nikihesabu mambo. Nikimwacha aende, atatokea uwanjani kwake mchana kweupe, mbele ya mwanamke aliyemzika. Kuna watu wanaweza kufa kwa hilo. Na yeye mwenyewe angelikuta jina lake kwenye msalaba. Nikaona ni heri alione kwangu kwanza. Nikamwita kwenye kompyuta na kufungua faili.

Kwanza alicheka tena. "Suti hii ni ya nani?" Kisha akasoma maneno yaliyokuwa chini ya picha, jina lake kamili na siku aliyofariki. Aliyasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto anayesomeshwa. Akajishika kovu la nyusi. Akajishika sikio.

"Wamemzika nani?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya koti la kijani.

Alikaa chini sakafuni, si kwenye kigoda. Kutoka pale chini akaniambia. Kambini kule ziwani alikuwa akilala kibanda kimoja na kijana wa Kisukuma aliyeitwa Masanja, mtoto wa wafugaji wa upande wa Muze, bondeni. Masanja alishikwa na homa kali, akawa anatetemeka. Asubuhi ile likapita lori la kwenda Chunya, na dereva hakutaka kungoja.

"Nikamvisha koti langu. Nikamwambia, dogo, nitarudi baada ya siku mbili na dawa. Alinitazama tu. Nikapanda lori." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikurudi, mama. Kitambulisho sikukikumbuka mpaka niko njiani. Masanja sikumkumbuka hata hapo."

Wengi wangeona hapo ni pa kumhukumu. Mimi nilikuwa na tatizo la kazi. Nilitaka nitangulie Kasense na picha ya kuonyesha kuwa mtu huyu yu hai, na ile niliyotoka kupiga haikufaa kabisa: uso uleule, pazia lilelile. Ukiziweka pamoja, zilikuwa picha mbili za marehemu mmoja. Basi nikamtoa nje. Nikamsimamisha barabarani juani, watu na bodaboda nyuma yake, mzima mpaka miguuni, kivuli chake kimelala chini mbele yake. Nikampa hindi la kuchoma, nikamwambia ale. Sheria zote za picha nzuri nilizivunja kwa makusudi. Kumbuka hilo: picha ya uhai haina haja ya kuwa nzuri.

Nikamwacha kwa jirani yangu muuza nguo, nikapanda bodaboda.

Leokadia alikuwa uwanjani na binti yake wakipukuchua mahindi. Nilimsalimu, nikakaa kwenye gunia, nikaanza kumpukuchulia. Kisha nikamwomba aniletee picha ya msiba kutoka ukutani. Akaileta. Nikaweka ile mpya pembeni yake.

Aliitazama sana. "Hii ni ya lini?"

"Ya leo, mama. Ya saa tano."

"Ya leo," alirudia, bila sauti ya kuuliza. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliishika kila moja kwa mkono wake, akawa anahamisha macho huku na huku. "Na huyu unayeniletea ni yupi kati ya hawa?"

Binti ndiye aliyeinama, akaweka kidole chenye vumbi la mahindi kwenye picha. "Baba ana viatu vipya," alisema.

Hapo Leokadia akakaa chini. Alisema jambo moja tu: "Aje kwa miguu. Aje sasa, mchana, nimwone akitoka mbali."

Nikampigia simu jirani yangu ampandishe bodaboda, ikawa hivyo. Kasian aliteremka barabarani, akakata kupitia shamba lililovunwa, peke yake, na watu wote wa jirani wametoka nje na kusimama kimya. Hakuna aliyemkimbilia. Hakuna aliyemkimbia. Mabua makavu yalisikika yakivunjika chini ya viatu vyake, hatua kwa hatua, na nadhani kila mmoja alikuwa akiyasikiliza yale mabua. Leokadia alimngoja mpaka akafika. Akanyoosha mkono, akamshika sikio la kushoto kwenye ile ncha iliyokunjika, akalivuta kwa nguvu hadi mwanaume akalalama. Ndipo vilio vikaanza.

Mambo ya mtendaji na polisi yalifuata, siyaelezi; jinsi Masanja alivyotoka kibandani na homa yake akafika majini, hakuna aliyeona. Katekista aliulizwa kuhusu Misa zilizosomwa kwa ajili ya Kasian, akasema hazikupotea, zimemfikia aliyelala pale. Ila Kasian hakutulia. Kila alipotoka nje aliliona kaburi, mtu mwingine amelala chini ya jina lake. Aliing'oa nakala ya picha yake iliyokuwa kwenye msalaba kwa mikono yake, kisha akateremka Muze na kuuliza boma kwa boma. Siku ya tisa akaipata familia. Mama wa kijana alimwuliza swali moja: mliyemzika alikuwa na nini mkononi? Shemeji wa Leokadia, ndiye aliyeosha maiti, alikumbuka bangili ya shaba, mkono wa kushoto. Walidhani Kasian aliinunua ziwani.

Mama Masanja alipandishwa mpaka Kasense, akaliona kaburi. Alikataa mwanawe afukuliwe. Kesho yake Kasian akamleta studio, yeye na Kabula, dada yake Masanja. Mama alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, amejifunga shuka mbili kwa sababu ya baridi yetu.

"Nataka picha ya mwanangu," alisema, na Kabula akanifafanulia pale Kiswahili cha mama kilipopungua. "Ya kuweka pale."

"Ilete tu, mama, hata kama ni ndogo nitaikuza."

"Haipo. Hakuwahi kupigwa."

Nikamwambia siwezi. Nilimwambia kwa heshima, nikaeleza kwamba kamera huchukua kilichopo, na kompyuta hukuza kilichochukuliwa. Kumtengeneza mtu si kazi ya studio.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Miezi mitatu," alisema, "uso wa mtu mwingine umekaa juu ya mwanangu. Uliutengeneza wewe. Sasa tengeneza wake."

Hakusema kwa ukali. Nikavuta kigoda.

Niliwapiga mama na Kabula kwa mwanga wa dirishani, mbele, kulia na kushoto. Paji la uso na mifupa ya mashavu, walisema, vilikuwa vya mama. Macho ya Kabula. Taya pana zaidi. Siku mbili walikaa nyuma yangu wakibishana taratibu, pua ipande, mdomo ushuke, na kila nilichobadilisha kilinipa mtu mwingine ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilitengeneza vijana wengi siku zile. Niliwafuta wote. Sikupenda walivyonitazama nilipokuwa nikiwafuta.

Siku ya tatu Kasian, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema bila kugeuka, "Jicho lake la kulia lilikuwa linasinzia kidogo."

Nilishusha kope ya kulia, kidogo mno, upana wa uzi. Na kijana akawa pale. Sijui niseme vipi. Maisha yangu yote mtu alikuwa akitangulia na picha ikifuata. Safari hii picha ilitangulia, na mtu akaja akaingia ndani yake. Nilirudisha kiti nyuma. Kabula akafunika mdomo kwa shuka. Kasian aligeuka, akaona, akatoka nje, na sauti ya viatu vyake ikaishilia mbali.

Mama Masanja alisogea mpaka karibu na kioo cha kompyuta. Akamsalimia mwanawe kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akanyamaza, akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuitikia. Tulingoja naye. Sikuwa na ujasiri wa kugusa kitufe chochote mpaka alipoitikia kwa kichwa na kusema, "Haya."

Nilidhani kazi imekwisha. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, walirudi, mama na binti. Nikafikiri picha imeharibiwa na mvua.

"Haijaharibika," Mama Masanja alisema. "Imebaki vilevile. Wenzake wameanza kuota ndevu. Mwongezee mwaka."

Nilimtazama Kabula. Kabula akatazama sakafu. Nikavuta kigoda.

Mtu huzeeka pamoja na ndugu zake, ndivyo nilivyojifunza kwenye picha za familia za miaka mingi. Kwa hiyo niliwapiga upya wote wawili, nikachukua kile ambacho mwaka ule ulikuwa umewafanyia, nikampa yeye. Kidogo machoni, kidogo chini ya kidevu. Ikawa desturi. Kila mwaka picha mpya inakwenda kaburini Kasense na ya zamani inateremka Muze. Kasian huwapokea stendi, huwabebea mzigo, huwaweka nyumbani kwake siku zote watakazokaa, na Leokadia huwapikia. Lakini ndani ya studio haingii. Husubiri ng'ambo ya barabara. Padre sijawahi kumwambia habari hii. Sikujua angeipokea upande gani.

Mwaka wa nne nilifanya kama kawaida, nikamwita mama kwenye kompyuta. Alimsalimia mwanawe, akangoja. Safari hii hakusema "haya." Alisogea karibu zaidi.

"Amekonda," alisema. "Ana nini?"

"Mashavu sijayagusa, mama."

"Amekonda. Mtazame."

Nikatazama. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Chini ya macho palikuwa na mashimo mawili. Kijana aliyekufa akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa mgonjwa mbele yangu, na mimi sikuwa nimemgusa. Kisha nikakumbuka nilikochukua mifupa ile. Nikafungua picha za mama za miaka minne, nikazipanga sambamba. Mtu anayejifunga shuka mbili huwezi kumwona akipungua. Kamera ilikuwa imemwona.

"Mama anakohoa tangu lini?" nilimwuliza Kabula kwa sauti ya chini.

"Tangu wakati wa kulima. Anasema ni vumbi."

"Amekwenda hospitali?"

"Hataki. Tumemwomba wote."

Nilitaka nimweleze mama jinsi picha inavyotengenezwa, kwamba ule ni uso wake yeye. Nilipogeuka nikaona jinsi alivyomkazia macho mwanawe, na maelezo yakaniishia.

"Anataka niende," Mama Masanja alisema.

Hakuniuliza. Na mimi sikusema ndiyo wala hapana. Nilisema, "Mtazame mwenyewe, mama." Alitazama. Akavuta shuka, akatoka, na nikamsikia akimwita Kasian kutoka ng'ambo ya barabara ampeleke hospitali saa ileile. Kilikuwa kifua kikuu. Alimeza dozi miezi sita bila kuruka siku, Leokadia akimsimamia, kwa sababu hospitali walimkataza kurudi Muze mpaka amalize. Mwaka jana alikuja mwili umemrudi. Niliwapiga picha, nikafanya kazi yangu, na kijana naye mwili ulikuwa umemrudi. Mama alimsalimia. "Haya," akasema, akacheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Basi Editha, wao huja baada ya mavuno, kabla baridi haijakaza. Faili limeandikwa Masanja, lipo peke yake. Mwaka huu atatimiza ishirini na nane. Ndevu ziongeze kidogo upande wa masharubu. Kope ya kulia usiiguse. Tabasamu usimwekee, maana hakuna aliyewahi kunieleza alivyotabasamu. Mama atakusihi uanze kwa kumfungulia mwanawe, kwa sababu ametoka mbali na amemkosa mwaka mzima. Mkatalie kwa adabu. Mwambie akae karibu na dirisha, ashushe shuka mabegani. Mpige mama kwanza.